Ng'ombe wa Ukingoni Namkata Nusu, na Picha Haziuziki

Bi Ikhlas mpendwa,

Assalam aleikum. Pokea salamu kutoka Minjila ambako mwaka huu mvua imekubali na maziwa tunagawia mpaka majirani wa mbali, na kabla hujaanza kutafuta ndani ya barua hii mume aliyetoroka au mama mkwe mkali nakuambia mapema kwamba hawamo, ndoa yangu ni njema, mume wangu Dukicha ni mtu wa mzaha na mama yake ananipenda mpaka Dukicha mwenyewe anaona wivu, lakini kuna jambo linanikosesha raha na siwezi kumuuliza mtu wa hapa kwa sababu kila mtu wa hapa yumo ndani ya jambo lenyewe, ndiyo maana nimekukimbilia wewe tunayekusoma gazetini kila Jumamosi, unisaidie kabla sijatoa jibu ambalo nitalijutia.

Mimi nachora. Sichori ukutani wala hina mikononi, ingawa hina pia naijua, nachora kwenye tableti aliyoniachia kaka yangu Abdirizak aliponunua nyingine, halafu naipakia michoro yangu kwenye tovuti moja ambako watu wa dunia nzima wanatafuta picha za kuweka kwenye vitabu, matangazo na mabango, yaani mtu akiipenda anailipia na kuitumia, na kesho mtu wa nchi nyingine anaweza kuilipia ileile, wewe huku umelala au unakamua. Nilijifunza kwa kutazama video. Nikishamaliza kazi za nyumbani nakaa kwenye kivuli cha ukuta, tableti imechomekwa kwenye sola, na Bi Ikhlas sijui nikuambieje, ile saa ninayochora nafurahi mpaka naona aibu. Dukicha akirudi kutoka kwa ng'ombe huko upande wa Chara huniambia, "Darmi, mwanzo nikikuona unacheka peke yako na hiyo kioo nilidhani iko mwanaume ndani. Nikachungulia, nikakuta mbuzi."

Sasa shida ni kwamba huu mchezo wangu hauuzi. Picha zilizonunuliwa naweza kuzitaja zote bila kuvuta pumzi, tena karibu zote ni moja tu inayorudiwa, nayo ndiyo ninayoionea haya kuliko nyingine, jerikeni ya njano. Niliichora siku bando linaniishia, jerikeni peke yake, nyuma hakuna kitu, na kichwa cha maana sikuipa, niliandika tu "jerikeni ya maji, ya njano" nikaipakia nikazima. Hiyo ndiyo watu wanayoinunua! Na zile nilizozihangaikia wiki nzima hakuna anayeziona. Mwalimu wetu wa Kiingereza alitufundisha kwamba kichwa kinachotaja kitu waziwazi ni kichwa cha mvivu, na mimi ndiye niliyekuwa nasomewa insha zangu mbele ya darasa, kwa hivyo vichwa vyangu navitunga kwa Kiingereza kizuri, hapa nakutafsiria, mwanamke anayengoja maji nilimwita "Subira Isiyokauka", shamba la mpunga "Pumzi ya Kijani", punda na mkokoteni wake "Safari ya Maisha", na zote zimekaa pale miezi na miezi kama wageni waliokosa mtu wa kuwakaribisha ndani.

Halafu kuna zile zinazokataliwa kabisa, na hapa ndipo penye siri yangu. Picha yangu ya kwanza kubwa ilikuwa ng'ombe wa baba yangu, Mzee Molu. Niliwachora kwa kukumbuka, mmoja mmoja kwa rangi yake na pembe zake, maana nimekua nao, mpaka yule wa kijivu mwenye pembe iliyoinamia jicho, aliyekufa kwenye ukame ule mkubwa, naye nikamrudisha mahali pake mbele ya wenzake kwa sababu picha bila yeye ilikuwa haikai sawa. Nikampelekea Abba aone. Akaishika tableti kwa mikono miwili, akatazama, akatazama, akaniuliza, "Umewaweka wote?" Nikasema ndiyo, wote. Akanirudishia, akachukua fimbo yake akatoka nje, na hatujaizungumzia tena mpaka leo, ingawa anakaa karibu nasi, maziwa nampelekea na chai tunakunywa pamoja. Wewe ni mtu wa Kipini, unatujua, kwetu mtu haulizwi ana ng'ombe wangapi na mwenyewe hawataji, kuwahesabu ni kuwaitia balaa, na mimi nilikuwa nimewapanga hadharani ili dunia nzima iwahesabu. Niliifuta picha ile siku ileile.

Tangu hapo nikajitafutia dawa. Nikichora ng'ombe, wa mwisho namkata nusu kwenye ukingo wa picha, kichwa kinabaki nje au mkia unabaki nje, ili asiwepo mtu wa kusema hawa ndio wote. Mkono ukazoea. Sasa watoto wa madrasa, wa mwisho namkata, mbuzi namkata, juzi nilichora sinia la sambusa nikashtuka nimekata na sambusa. Wakaguzi wa tovuti kila mara wananirudishia kwa maneno yaleyale, kwamba kitu kimekatwa ukingoni, rekebisha. Siwezi kurekebisha, Bi Ikhlas, nikirekebisha namkosea baba yangu na nisiporekebisha siuzi.

Na katikati ya hayo wifi yangu Nasteha, mke wa Abdirizak, ana duka la madera na mashuka pale Garsen, sasa anafungua lingine Hola, na ananitaka mimi niliendeshe hili la Garsen, kila siku isipokuwa Ijumaa, asubuhi mpaka jioni. Ni mtu mzuri, hana kiburi hata chembe, aliniambia, "Wifi, hiyo ya kuchora utachora tu Ijumaa. Hapa utakaa na watu, na wewe utakuwa na kazi." Kila mtu anasema nimepata bahati. Dukicha anasema niamue mwenyewe, na mimi ningependa aniamulie. Nasteha anataka jibu kabla hajahamia Hola mwisho wa mwezi, na mimi najijua, nikiingia dukani nitachora Ijumaa ya kwanza, ya pili nitafua nguo, ya tatu tableti atakuwa nayo mtoto wa jirani anatazama katuni. Nikikataa nitaonekana mwanamke mzima aliyeacha kazi kwa ajili ya mchezo usiouza.

Je, niache? Au kuna kitu ninachokosea ambacho wewe unakiona na mimi sikioni? Jina langu liandike tu, hata ukilificha hapa watanijua kwa mbuzi.

Darmi Molu, Minjila


BI IKHLAS ANAJIBU

Darmi mwanangu,

Wa aleikum salaam. Mara ya kwanza niliisoma barua yako nikicheka, mara ya pili nikatamani kukufinya, kisha nikaibeba nikaenda nayo kwa Komora. Komora ndiye anayepanga kurasa za gazeti hili na kuzitafutia picha, kwa hivyo ni mteja wa tovuti kama hiyo yako, tena mteja mwenye haraka na njaa. Nikamwambia, "Komora, nitafutie Safari ya Maisha."

Akanitazama. "Bi Ikhlas, hiyo ni nini, basi la Mombasa?"

Umesikia? Punda wa watu umemfunika kwa maneno mpaka mnunuzi anadhani ni basi. Insha yako ilisomwa na mwalimu aliyekuwa analipwa kuisoma, na mteja hasomi, mteja anatafuta. Komora akitaka punda anaandika punda, mkokoteni, maji, kijiji, anabonyeza, akipata kinachomfaa ananunua na kukimbilia ukurasa mwingine. Hana wakati wa kuvumbua kwamba subira yako haikauki.

Jerikeni yako unaionea haya bure. Imeuzika kwa sababu uliiita jina lake, uliichora nzima, na uliiacha peke yake pakawa peupe nyuma, hivyo mtu wa afya ya jamii anaweza kuichukua akaibandika kwenye bango lake na kuandika maneno yake pembeni. Bando lilikuwa linaisha, hukupata nafasi ya kuiharibu. Biashara ilikufundisha siku ile, na wewe ukasema hapana, huyu si mwalimu wangu.

Kwa hivyo wiki hii usichore kitu kipya. Kaa kwenye kivuli chako, pitia picha zote ulizopakia, toa vichwa hivyo vya darasani na uandike kilichomo ndani. Jiulize mtu aliye Kampala au Delhi, anayetaka picha hii na hakujui wewe wala Minjila yako, ataandika maneno gani kuitafuta. Andika hayo. Kama ni mwanamke, jerikeni, bomba, foleni, ukame, andika hivyo hivyo, kikavu, na usione aibu. Ile subira tutaiona usoni mwake. Wala usiende upande wa pili ukabandika neno "harusi" kwenye picha ya mbuzi ati kwa sababu harusi inatafutwa na wengi. Najua mbuzi harusini yupo. Usifanye hivyo.

Sasa tuje kwa baba yako, na hapa nitakuwa mkali.

Mimi sitakuambia desturi ya wazee ni upuuzi. Kwetu Kipini pia watoto wa mtu hatuwahesabu mbele yake, na nikisikia mgeni anawahesabu moyo wangu unaruka. Lakini Darmi, mzee alisema maneno mawili tu, "Umewaweka wote?", na wewe ukayatungia sheria, ukaitekeleza kwa ng'ombe, kwa watoto wa madrasa, mpaka kwa sambusa ambazo hazina baba. Na katika muda wote huo hukumuuliza alikuwa na maana gani! Unakaa karibu naye, unampelekea maziwa, unakunywa naye chai, na neno hilo moja umelikalia.

Hebu rudia uliyoniandikia kwa mkono wako mwenyewe. Ndani ya picha ile alikuwemo ng'ombe aliyekufa. Mzee aliyeona mifugo yake ikianguka kwenye ukame anapewa kioo, anamwona yule wa kijivu amesimama tena mbele ya wenzake, na pembe yake ile ile. Akauliza kama wote wamo, akaambiwa wamo, akachukua fimbo akatoka. Wewe uliona hasira. Mimi sikuwepo, siwezi kuapa, ila wanaume wa huko ninawajua kidogo, na najua kwamba machozi yakiwakaribia hukumbuka ghafla kwamba kuna kitu zizini cha kwenda kuangalia.

Huenda alikasirika. Huenda hakukasirika hata kidogo. Mimi sijui na wewe hujui, na anayejua yuko hapo karibu nawe ana fimbo mkononi. Nenda kaketi naye, mwambie, "Abba, siku ile nilipokuonyesha ng'ombe, nilikukosea?" Kisha unyamaze, umwache ajibu yeye, usimjibie kwa hofu yako. Akisema ulimkosea, mwombe radhi, na ng'ombe wake usiwachore tena, wakatwe au wasikatwe. Akikuambia habari ya yule wa kijivu, mchoree, huyo peke yake, mzima, uichapishe picha pale Garsen umpelekee, na hiyo usiipakie kwenye tovuti yoyote hata wakubembeleze.

Lakini sikiliza vizuri, maana hapa ndipo ulipojifunga mwenyewe kamba. Hata baba akikataa, biashara yako haijafa. Nani alikudanganya kwamba mteja anataka kundi la Mzee Molu? Mteja anataka ng'ombe mmoja. Na ng'ombe mmoja hana hesabu, mwanangu, hata mzee mkali kuliko wote huko Minjila hawezi kulalamika kwamba umemhesabia ng'ombe mmoja. Chora ng'ombe asiye wa mtu. Mtungie rangi, mtungie pembe, umchore kuanzia pua hadi ncha ya mkia, nyuma yake uache peupe. Akishakuwa tayari, mchore huyo huyo akinywa maji, akiwa amelala, akichomwa sindano ya chanjo, akimlamba ndama wake, kwa mtindo uleule na rangi zilezile, ili aliyenunua mmoja arudi kutafuta wenzake. Mteja akitaka kundi atajipangia mwenyewe, na hesabu itakuwa juu yake.

Tena usidhani soko limejaa. Komora amenisimulia kisa ambacho nilikuwepo kikitokea na nilikuwa nimeshakisahau. Tulikuwa na ukurasa wa chanjo ya mifugo, akatafuta picha ya ng'ombe mpaka mhariri akaanza kupiga meza, na kila aliyempata alikuwa mweusi na mweupe, kiwele kinaburuzika nyasini, nyuma yake milima ya theluji. Akaweka huyo huyo, afanye nini. Asubuhi simu zikaanza. Mzee mmoja wa Chewele aliuliza kama gazeti limehamia Ulaya, mwingine akataka kujua huyo ng'ombe amepatwa na ugonjwa gani mpaka nundu ikaanguka. Komora alicheka alipokuwa ananikumbusha, halafu akasema kwa dhati kabisa, "Bi Ikhlas, huyo dada akichora ng'ombe mwenye nundu, wa kwanza kununua ni mimi." Theluji imeshachorwa na waliozaliwa nayo. Nundu, kibuyu cha maziwa, mpunga wa delta, mama aliyejitanda shuka akikamua, hivyo vinamngoja mtu anayevijua, na wewe unavijua ukiwa umefumba macho.

Mambo mengine mawili matatu, kwa haraka. Picha ya Ramadhani ukiipakia mwezi umeshaandama umechelewa, Komora ameshanunua ya mwenzako zamani, kwa hivyo ya mfungo ichore miezi kabla, na ya kufungua shule ichore watoto wakiwa bado wanatoka shuleni na ripoti zao. Pakia kidogo kidogo kila wiki, usirundike zote siku moja kisha ukapotea msimu mzima. Soma masharti ya tovuti yako, na kama hayakufungi, picha hizohizo ziweke na kwenye tovuti ya pili. Na uache kufungua kila saa kuangalia kama umeuza, utajichosha na utaliumiza bando. Sitakudanganya kwamba utatajirika. Kazi hii inaingia pole pole, picha juu ya picha, na wanaoanza wengi huacha kabla haijaanza kuingia. Jipe mwaka mzima wa kuifanya sawasawa, maana mpaka sasa hujaifanya sawasawa hata siku moja, isipokuwa ile ya jerikeni.

Basi tumfikie Nasteha. Wifi yako ni mtu mwema, na duka ni riziki ya halali, sitaki mtu asome hapa aseme Bi Ikhlas amelidharau. Lakini jibu umeshalitoa wewe mwenyewe, pale uliposema Ijumaa ya kwanza utachora na ya pili utafua. Mtu anayejijua namna hiyo hahitaji mshauri, anahitaji kusukumwa. Usilichukue duka. Kama anaweza kukuhitaji siku ya soko peke yake, mwambie hiyo unaiweza, na kama haiwezekani msaidie kumtafuta mwingine, wako wasichana Garsen waliomaliza shule wanaoiomba nafasi hiyo usiku na mchana. Wala usingoje mwisho wa mwezi, mwenzako anahama na anahitaji muda wa kujipanga. Usimtumie ujumbe wa simu. Usimtume kaka yako. Dukicha naye usimbebeshe uamuzi huu, amekuachia kwa heshima na wewe unatafuta wa kumlaumu baadaye. Nenda mwenyewe, wiki hii, umvalie dera zuri.

Na kuna neno moja kwenye barua yako limenikera kuliko sambusa iliyokatwa. Umeandika "mchezo wangu", ukarudia, "mchezo usiouza". Mtu anayechora leo, akakataliwa, kesho akachora tena, na bado akikaa pale kivulini anafurahi mpaka mumewe anachungulia kuna nini, huyo hachezi. Mimi niko kwenye dawati hili miaka mingi, nasoma barua za watu wanaochukia wanachoamkia asubuhi, na yako nimeiweka kando ili niisome tena nikichoka.

Ukifika dukani, Nasteha atakukaribisha, atakuagizia soda, na kwa nia njema kabisa atakuambia tena kwamba hapo utakaa na watu na utakuwa na kazi. Mshike mkono. Mshukuru kutoka moyoni, maana anakupenda. Kisha mwambie, kwa sauti ambayo na wewe mwenyewe utaisikia: "Wifi, kazi ninayo."